Unakwenda Lushoto kutembea milimani? Chakula kiagize kabla hujapanda

Viatu kwanza: raba zenye meno, ambazo mguu umeshazizoea. Udongo wa Usambara ukilowa huteleza kama sabuni, na hausubiri mvua kubwa, ukungu wa asubuhi tu unatosha. Sweta beba hata kama umetoka Tanga jasho linakutiririka. Mji uko mita kama 1,400 juu ya bahari, na Juni na Julai baridi yake si ya mchezo. Maji ya kutosha, noti ndogondogo, simu yenye chaji. Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, njia za ndani ya msitu ziacheni.

Mkitaka msitu wa Magamba, ile ni hifadhi iliyo chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kuna kiingilio, na Mtanzania halipi sawa na mgeni, kwa hiyo kitambulisho kisibaki nyumbani. Chukueni mwongozaji mwenyeji. Vinjia vya mle vinagawanyika ovyo. Irente, mwamba wa kutazama mandhari, ni nyepesi zaidi, kilomita kama sita kutoka mjini. Lakini pale mwambani, kutoka ulipokanyaga hadi tambarare ya Mazinde kuna karibu mita 1,000 kwenda chini. Watoto washikwe mikono, na picha za kusimama ukingoni hapana.

Sasa chakula, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Watu wa Dar wamezoea kuingia mahali wakakuta kila kitu kinachemka. Lushoto, migahawa mingi midogo hupika ya kutosha wateja wake wa kila siku. Ikifika saa nane, wali maharage umekwisha, na kuku unayemwagiza bado anadonoa nyuma ya jiko.

Niliwahi kukuta kundi la ndugu limerudi kutoka Irente karibu saa tisa, hoi kwa njaa, ndiyo kwanza wanaagiza. Jiko moja la mkaa, watu kama kumi. Kati yao alikuwepo mama mmoja mwenye kisukari. Asubuhi alikuwa amechoma insulini yake kama kawaida, akanywa chai na andazi moja, akijua saa saba watakuwa mezani. Akakaa pale kwenye benchi, jasho linamtoka katika baridi ile, vidole vinatetemeka, maneno yanaanza kumkwama. Ndugu zake wakasema amechoka, mwacheni alale kidogo. Binti wa jikoni ndiye aliyeshtuka kwamba sukari imemshuka. Alikoroga sukari kwenye kikombe cha maji, akapiga magoti mbele yake, akamnywesha taratibu, funda kwa funda. Baada ya muda yule mama akainua kichwa na kuuliza yuko wapi. Angekuwa ameshapoteza fahamu, kumwagia kitu mdomoni kungemkaba. Hapo ni kukimbilia hospitali ya wilaya. Chakula kilikuja jua linakaribia kuzama.

Kwa hiyo, kabla hujapanda, pita jikoni. Taja idadi ya watu, taja chakula, acha malipo ya awali, chukua namba ya simu ya mpishi mwenyewe, na mpigie mnapoanza kurudi. Hata ukitaka kula kwenye shamba la Irente, lenye jibini, mkate na jamu za palepale, toa taarifa mapema. Na bado kila mtu awe na kitu mfukoni: ndizi, karanga, au peasi za sokoni kama ni msimu wake. Mwenye kisukari au vidonda vya tumbo aseme mapema, tena mbele ya mwongozaji, asione haya. Glukosi akae nayo mwenyewe, isifungiwe kwenye begi lililoachwa garini.

Mengine ni ya kawaida. Msikanyage viazi vya watu kutafuta njia ya mkato. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Ulizeni asubuhi gari la mwisho la kushuka Mombo linaondoka saa ngapi, msingoje jioni. Wenye gari lao, barabara ile ya kilomita 33 ni kona mpaka chini: shukeni na gia nzito, msikae juu ya breki, na mkianza kusikia harufu ya kuungua simameni Soni, mji mdogo ulio njiani, zipoe.