Magoti yakiuma, usiyahamishie mkekani

"Magoti yameshasagika hayo, wewe pumzika tu." Shangazi aliambiwa hivyo na kila jirani, akatii. Miezi michache baadaye hainuki bila kushika ukuta.

Kumbe kukaa ndiko kunakozidisha. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kwenye ute wa kiungo, na ute huo husukumwa goti linapokunjwa na kunyooshwa. Misuli ya paja nayo ikilegea, goti linabeba mzigo peke yake.

Tulianza na kiti kigumu, kimeegemezwa ukutani kisiteleze. Mikono kifuani, inuka taratibu, keti taratibu. Pagumu ni pale pa kuketi: usijibwage! Mara 5, pumzika, mara 5 tena. Ukishindwa, weka mto kwenye kiti ili uanzie juu kidogo. Shangazi alianza na mito miwili, akanuna wiki nzima.

Maumivu kidogo ni kawaida. Yakizidi ya mwanzo na kudumu zaidi ya saa 2 baada ya zoezi, kesho punguza idadi, usiache.

Ila goti likivimba ghafla, likawa la moto na homa juu, hapo si pa mazoezi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na ukiamka vidole vya mikono yote miwili vimekakamaa kwa saa nzima au zaidi, siku baada ya siku, kapime: huenda ni baridi yabisi, na hiyo ina dawa zake, za kuanzwa mapema.