Kabla ya SAT: mambo ya kuzingatia katika kusahihisha sentensi za Kiingereza

Wanafunzi wetu wengi wanaojiandaa kwa SAT, mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani, hukesha na orodha za misamiati migumu, halafu alama zinawaponyoka kwenye maswali ya sarufi ambayo yangejibika kwa nusu dakika. Inaniuma, kwa sababu hayo ndiyo maswali yanayofundishika haraka kuliko yote. Tena aliyekulia kwenye Kiswahili anayaendea akiwa na silaha ambayo pengine hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia kuwa anayo.

Kwanza hakikisha unajua ni mtihani upi unaoufanya, maana vitabu vya zamani bado vinapita mkono kwa mkono. GMAT, mtihani wa kuombea shahada za uzamili za biashara, ilikuwa na sehemu maarufu ya kusahihisha sentensi. Toleo lililoanza Novemba 2023 limeiondoa kabisa. TOEFL ITP, mtihani wa kupima Kiingereza cha wageni, ngazi yake ya kwanza ina maswali 40 ya muundo wa sentensi kwa dakika 25, na mengine yanakutaka utaje penye kosa kati ya sehemu nne zilizopigiwa mstari. SAT nayo imehama kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta, nje ya Marekani tangu Machi 2023, na Marekani kwenyewe mwaka mmoja baadaye. Kitabu cha SAT chenye insha ndefu zilizopigiwa mistari kitakufundisha sarufi, lakini mtihani wenyewe hautakuja na sura hiyo.

Sura ya sasa ni hii. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, yamegawanywa katika awamu mbili za maswali 27 na dakika 32 kila moja. Kila swali lina kifungu chake kifupi, kisichozidi maneno 150, na majibu manne. Maswali ya kanuni za Kiingereza sanifu ni kati ya 11 na 15, na ya kueleza mawazo, yakiwemo ya kuunganisha mawazo, ni kati ya 8 na 12. Ukiyajumlisha yanakaribia nusu ya sehemu nzima, kwa hiyo si mambo ya kugusagusa usiku wa mwisho.

Kabla hujafungua zoezi lolote, jizuie kuchagua jibu kwa sababu tu linasikika vizuri. Mtunga maswali anajua sikio litavutwa wapi. Jiulize kwanza: kiima ni kipi, na kitenzi chake ni kipi? Hapo ndipo Kiswahili kinapokusaidia. Tazama sentensi hii: "The smell of the cloves drying along the roads of Pemba attracts visitors." Wengi huandika "attract", kwa kuwa "cloves" na "roads" ziko karibu na kitenzi na zote ni wingi. Lakini hakuna Mswahili anayesema "harufu ya karafuu zinazoanikwa kando ya barabara za Pemba zinavutia wageni" bila wenzake kugeuka kumtazama. Ni "inavutia", kwa sababu inayovutia ni harufu. Upatanisho wa ngeli umekuzoesha tangu utotoni kuruka maneno yote ya katikati na kurudi kwa mwenye sentensi. Fanya hivyo hivyo kwa Kiingereza. Ukiona majibu matatu yako katika wingi na moja peke yake liko katika umoja, au kinyume chake, ujue swali linapima upatanisho.

Mtego wa pili ni sentensi isiyosimama. "Wangari Maathai, who founded the Green Belt Movement in 1977, ____ the Nobel Peace Prize in 2004." Majibu: "winning", "having won", "to win", "won". Ni "won" pekee inayoipa sentensi kitenzi kamili. Jaribu kuyasema kwa Kiswahili uone: "Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati zile, akishinda tuzo mwaka 2004" inakuacha ukingoja sentensi iishe. "Alishinda" inaifunga.

Sasa upande mgumu, yaani pale ambapo mazoea ya Kiswahili yanatuponza. Sisi tuna kiambishi cha -ka-, na mkato mmoja unatosha: "Jahazi lilifika Lamu alfajiri, mabaharia wakashusha boriti." Ukiihamisha ilivyo unapata "The dhow reached Lamu at dawn, the crew unloaded mangrove poles", na hilo ni kosa. Kiingereza hakina -ka-. Vishazi viwili huru vinahitaji nukta, nukta mkato, au mkato pamoja na neno kama "and". Kosa hili nalikuta kwenye madaftari ya wanafunzi hodari kabisa, na ndilo ningetaka ulitenge siku kadhaa ulifanyie kazi peke yake. Kumbuka pia kwamba nukta na nukta mkato zinapotenganisha vishazi hivyo zinafanya kazi moja. Majibu mawili yakitofautiana kwa hizo tu, yote mawili si jibu.

Kibaya zaidi ni kirai kinachoelea mwanzoni mwa sentensi. Kwa Kiswahili tunasema "nikitembea kwenda sokoni, mvua ilininyeshea" na hakuna utata, kwa sababu ni- imeshataja anayetembea. Kitenzi cha Kiingereza chenye "-ing" hakibebi mtu ndani yake. Kinamdaka kiima kinachofuata baada ya mkato. Ndiyo maana "Running from the front, the world record in the 1,500 metres was broken by Filbert Bayi in 1974" ina maneno sahihi na maana potofu: inasema rekodi ndiyo iliyokuwa ikikimbia. Aliyekimbia mbele ya wenzake kule Christchurch ni Bayi, basi jina lake lije mara baada ya mkato: "Running from the front, Filbert Bayi broke…" Majibu yote manne yanaweza kuwa na ukweli uleule, ila moja tu linamweka mtu sahihi mahali sahihi.

Madogo mengine ni "although" kufuatiwa na "but", kwa kuwa sisi tunasema ingawa na lakini kwa pamoja. "The book that I bought it", ambayo ni kivuli cha kitabu nilichokinunua. Na alama ya ritifaa katika "its" na "it's".

Maswali ya kuunganisha mawazo yanapima maana tupu. Ziba majibu kwa kiganja, soma sentensi zote mbili, kisha amua kwa Kiswahili: hapa ni hata hivyo, kwa hiyo, kwa mfano, au vilevile? Ukishaamua ndipo ufungue macho kwenye majibu. Anayeanza na majibu huona "however" na "moreover" zote zikipendeza.

Kuhusu muda, wastani ni sekunde 71 kwa swali, lakini ya sarufi yasikuchukue zaidi ya 40, ili vifungu vigumu vipate nafasi. Ndani ya awamu moja unaweza kuweka alama kwenye swali na kulirudia. Ukishavuka kwenda awamu ya pili, hurudi nyuma. Fanya awamu ya kwanza kwa utulivu mkubwa, maana ndiyo inayoamua ugumu wa ya pili. Usiache swali tupu: jibu la kosa halikatwi alama.

Mazoezi kamili yamo bure ndani ya Bluebook, programu ileile ya College Board, wenye SAT, utakayofanyia mtihani. Inahitaji kompyuta au iPad, simu haikubaliki. Betri ijae tangu nyumbani, kwani hakuna hakikisho la kupata soketi kituoni. Mtandao ukikatika katikati unaendelea na kazi, ila utauhitaji kuanza na kutuma majibu. Jina ulilojisajilia lilingane na la kwenye pasipoti, na siku chache kabla ya mtihani kamilisha maandalizi ndani ya programu, ili tiketi yako ya kuingilia iwe tayari.