Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kujipiga Picha Ufukweni Bagamoyo

Anayejipiga picha mwenyewe hana nafasi ya kutazama anachokipiga. Kamera inapofyatua, yeye amesimama mbele yake, na kasoro iliyomo kwenye fremu ataiona baadaye, pengine nuru ikiwa imekwisha. Kwa hiyo mpangilio wa picha hauna budi kukamilika kabla yeye hajaingia ndani yake, na Bagamoyo kazi hiyo huanza kwa kujua jua na maji yatakuwa wapi.

Ufukwe wa Bagamoyo unatazama mashariki. Asubuhi jua huchomoza upande wa bahari, hivyo anayeipa bahari mgongo humulikwa kisogoni na uso wake hubaki gizani. Hali hiyo inamfaa anayetaka umbo lake jeusi lionekane pamoja na majahazi, lakini haimfai anayetaka sura yake itambulike. Huyu wa pili na asubiri alasiri, kuanzia kama saa 10 na nusu, jua linapokuwa limeinamia upande wa mji na kumulika uso wake, huku bahari ikibaki na rangi yake nyuma. Saa za adhuhuri ni heri ziachwe, hasa mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, jua linapopita utosini na kutia vivuli vizito chini ya nyusi.

Maji nayo yana ratiba yake. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hujaa sana wakati wa alasiri, ile ile yenye nuru nzuri, na mchanga wa kusimamia huwa mwembamba. Anayetaka uwanda mpana wa mchanga uliolowa atafute siku ambayo maji yanapwa jioni. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo makadirio ya juzi hayatoshi.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kimo cha kamera. Bahari ikiwa nyuma, na mpigaji na kamera wakiwa kwenye mchanga ulio sawa, mstari wa upeo wa macho utamkata mwilini kwa kimo kile kile cha lenzi. Stendi ikiwa usawa wa shingo, mstari utapita shingoni, na kuinamisha kamera hakutasaidia, kwani kutauhamisha mstari juu au chini ndani ya fremu bila kuutoa shingoni. Dawa yake ni kuishusha lenzi hadi kiunoni, ili kichwa na mabega vikae juu ya anga tupu. Kwenye magofu ya Kaole, mji wa kale ulio karibu na Bagamoyo wenye makaburi yaliyosimikwa nguzo za mawe, ambako bahari si lazima ionekane, lenzi inaweza kupanda hadi kifuani, lakini hapo ihakikishwe kwamba nguzo ya kaburi haioti kichwani mwa mpigaji. Asogee hatua mbili kando, na asiyapande makaburi.

Mahali pa kusimama pachomekwe kijiti, kisha fokasi ifungwe hapo kwa kugusa na kushikilia kioo cha simu. Itumike kamera ya nyuma, ambayo kwa kawaida ni bora kuliko ya mbele, na simu iwekwe mbali kidogo, kwa sababu lenzi iliyo karibu mno hukuza pua na kuyafanya masikio yarudi nyuma. Mistari ya gridi ikiwashwa, kijiti kikae kwenye theluthi moja ya fremu, na nafasi kubwa iachwe upande ambao mpigaji atautazama.

Upepo wa kusi huangusha stendi nyepesi, hivyo mfuko wa mchanga uning'inizwe katikati yake. Wavuvi watakaoonekana nyuma waombwe ruhusa mapema. Taima iwekwe sekunde 10, na kamera ipangwe kupiga picha kadhaa mfululizo, maana kanga iliyopeperuka vizuri haingoji. Kabla ya hayo yote ipigwe picha moja ya majaribio, ikuzwe kwenye kioo na kukaguliwa kingo zake zote nne, kisha lenzi ifutwe chumvi kwa kitambaa kikavu.