Kumleta mtamba Mombasa: kibali, kupe na simu

Mfugaji wa Kisauni au Likoni anayetaka kununua mtamba wa maziwa, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, kutoka Kwale au Taita Taveta aanze na karatasi kabla ya kuzungumza bei. Chini ya Katiba ya 2010, udhibiti wa magonjwa ya mifugo ni kazi ya kaunti. Basi omba kwanza ofisi ya mifugo ya Mombasa ikuandikie kwamba haina pingamizi, ndipo afisa wa kule anakotoka mnyama amkague na kutoa kibali cha kumsafirisha. Dalali atakwambia kibali kitapatikana njiani. Usikubali, kwani kibali kilichoandikwa bila mnyama kuonekana hakikukingi na chochote, hata kikimridhisha askari wa kizuizini.

Wewe mwenyewe mkague. Kunjua sikio utazame ndani, ambamo kupe wa kahawia hupenda kujibana kama punje za mtama; kisha papasa tezi iliyo chini ya sikio na ile iliyo mbele ya bega. Tezi zikiwa zimevimba na joto likapita nyuzi 40, shuku ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe hao, ambao dawa yake huponya ikiwahiwa na hushindwa ikichelewa.

Chanjo yake ipo, nayo hutolewa mara moja tu maishani. Ni vimelea hai vinavyohifadhiwa katika mtungi wa nitrojeni ya kimiminika, na mnyama hudungwa pamoja na oksitetrasaiklini, antibiotiki ya kukaa muda mrefu mwilini. Mrija mmoja wa chanjo hutosha ng'ombe wengi na ukishayeyushwa hauhifadhiki, kwa hivyo jikusanyeni na majirani kabla ya kumwita daktari, na mhakikishe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Aliyechanjwa aendelee kuogeshwa dawa ya kupe, maana chanjo hiyo haizuii magonjwa mengine wanayoyaeneza.

Simu nayo ina kazi yake. Ujumbe wa M-Pesa huonyesha ulimlipa nani, lakini hauonyeshi ulinunua ng'ombe yupi. Hivyo piga picha ya uso, ubavu wa kushoto na kulia, hereni ya sikioni na kibali chenyewe, uziweke pamoja na tarehe za chanjo. Video unayomtumia daktari husaidia kuamua kama aje leo au kesho, wala haichukui nafasi ya mkono wake.

Mtamba akishafika, mtenge siku 21. Akianza kudondosha mate na kuchechemea, huenda ni ugonjwa wa miguu na midomo, na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inamtaka mwenye mnyama amtenge na atoe taarifa mara moja. Kumuuza haraka kwa mchinjaji ni kosa, tena ni kumpelekea jirani maradhi. Katika siku hizo zote mhudumie mwisho, baada ya ng'ombe wa zamani, na ndoo yake isiingie zizi lao.