Kuupiga Wimbo wa Bibi kwa Kodiani na Kuuongezea Beti Zako

Mwanamuziki wa Mtwara au Lindi anayetaka kuchanganya nyimbo za jadi na tungo zake mwenyewe ana mengi ya kujifunza kwa Celina da Piedade, mpiga kodiani na mwimbaji wa Ureno, ambaye tangu albamu yake ya Em Casa ya mwaka 2012 amekuwa akiziimba za kale na mpya kwa pumzi moja. Yeye huchota sana Alentejo, kusini mwa Ureno, kwenye uimbaji uitwao cante, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Katika cante, mwimbaji aitwaye ponto huanza wimbo peke yake, mwingine aitwaye alto humpokea kwa sauti ya juu zaidi, kisha kundi zima huingia polepole, kwa desturi bila ala. Aliyekulia kwenye ngoma za Wamakonde au Wamwera, ambako mmoja huimbisha na wengine huitikia, hatauona mpangilio huo kuwa mgeni.

Anza bila kodiani. Mwendee mzee anayeujua wimbo, umrekodi kwa simu kwa idhini yake, kisha uuimbe mbele yake hadi aridhike na matamshi yako. Muulize pia wimbo huo huimbwa wapi na nani, kwa sababu nyimbo za jando na unyago zina mipaka yake: kungwi akisema haupelekwi jukwaani, uache, hata kama ndio uliokuvutia kuliko yote.

Kinachofuata ni kutafuta sauti ya kuanzia, na hapo ndipo nilipokosea. Nilimpigia bibi yangu, kule Mikindani, wimbo wa kutwanga nikianzia sauti ya C, kwa kuwa vidole vyangu vilizoea vibao vyeupe. Alianza, akakwama mstari wa pili, akanyamaza akiitazama mikono yangu. Niliposhuka hadi A, aliimba mpaka mwisho huku akipiga goti kwa kiganja. Tangu siku hiyo humwacha mwimbaji aanze, nami nikamtafuta alipo.

Kodiani ikiingia, shikilia noti moja ndefu ya besi na ufungue mvukuto, ule mfuko wa hewa wa katikati, taratibu. Mkono wa kulia usubiri waitikiaji. Geuza mvukuto pale mwimbaji anapovuta pumzi, kwani ukiugeuza katikati ya neno, neno lenyewe husikika limekatika.

Ndipo zije beti zako. Kiitikio kibaki kama ulivyokipokea, kwa lugha yake, nawe utunge beti zinazoingia katika mapigo yale yale, juu ya jambo unalolijua kwa karibu, kama vile msimu wa korosho na kusubiri malipo baada ya mnada. Ukiwa jukwaani, waambie watu ni ipi ya wazee na ni ipi yako; wanaoijua ile ya zamani watakusikiliza kwa moyo mweupe zaidi.

Nalo la mwisho, ambalo wapigaji wengi wa pwani hulipuuza: vilimi vya ndani ya kodiani ni vya chuma na hewa ya chumvi huvitia kutu. Ukimaliza kupiga, bonyeza kitufe cha hewa, funga mvukuto pole pole, kaza mikanda yake, na uirudishe sandukuni, mbali na dirisha linalotazama bahari.