Jalada jipya kwa daftari la michoro lililochakaa

Daftari la kuchorea huanza kufa pale jalada linapokutana na mgongo. Mimi huchorea zaidi Soko la Samaki la Feri, Dar es Salaam, asubuhi mnada ukiwa umepamba moto. Pale hakuna meza. Daftari linakaa juu ya goti, jalada la mbele linasukumwa nyuma ili mkono upate nafasi, vidole vina maji ya chumvi, na kila anayepita na ndoo anamwaga kidogo. Haipiti muda mkunjo unachanika, jalada linaning'inia, na karatasi zilizobaki, nyeupe na nzito, zinaanza kujikunja pembe. Wengi wakifika hapo huliweka daftari kabatini wakanunua jingine. Naumia nikiona hivyo. Karatasi inayobeba rangi ya maji bila kulowa chapachapa haipatikani kila duka la vifaa vya shule, ilhali vitu vya kutengenezea jalada vimo ndani ya nyumba: magamba, yaani yale majalada magumu, ya kaunta buku za watoto waliomaliza shule, kanga kuukuu na unga wa muhogo.

Kwa hiyo katika kazi hii yote, nguvu zako ziweke kwenye mkunjo. Gamba likiwa limepinda kidogo utavumilia, pembe ikiwa si kali sana hakuna atakayeona, lakini mkunjo ukiwa dhaifu utarudi kuanza upya.

Kabla ya kushika wembe, fungua daftari katikati ya fungu moja la karatasi uangalie kama kuna uzi. Ukiuona, na ukiuvuta kidogo kwa kucha haulegei, karatasi zimeshonwa vizuri na kinachobadilishwa ni jalada tu. Kama karatasi zimebandikwa kwa gundi mgongoni na zinachomoka moja moja, zigonge mezani zisawazike, zibane kati ya vibao viwili huku mgongo umetokeza, kisha upake gundi nyeupe ya mbao ukizilaza karatasi kulia, halafu kushoto, ili gundi ipenye kidogo katikati yake. Acha zikauke zikiwa zimebanwa. Daftari la waya ni habari nyingine. Hilo hutobolewa pembeni na kushonwa, na hatua nyingi za hapa hazilihusu.

Kutoa jalada la zamani, fungua gamba la mbele, pitisha wembe mpya kwenye mfereji wa ndani, pale karatasi ya kwanza inapoingia mgongoni. Kata karatasi na kitambaa tu, usifike kwenye uzi. Rudia upande wa nyuma. Mgongo utabaki na gundi kavu ya kiwandani. Usiikwangue ikiwa kavu, utakata uzi. Ipake uji mzito, subiri kama robo saa ilainike, kisha uiondoe taratibu kwa mpini wa kijiko. Acha mgongo ukauke kabisa kabla ya kuendelea.

Uji wenyewe ni huu. Chekecha unga wa muhogo kwa kitambaa chepesi, maana nyuzinyuzi za muhogo zikibaki zitaonekana juu ya jalada zikiwa vipele. Kipimo kimoja cha unga, vipimo vitano vya maji. Koroga na maji baridi kwanza mpaka mabonge yaishe, ndipo uteleke kwenye moto mdogo, na mkono usiache kukoroga. Kwa muda utaona maji meupe tu, mepesi, kana kwamba hakuna kinachotokea. Kisha chini ya sufuria kutaanza kushika, mwiko utakuwa mzito, na ule weupe utapotea: uji utaanza kung'aa na kupitisha mwanga ukiunyanyua kwa mwiko. Hapo usiipue. Endelea dakika chache zaidi, kwa sababu uji ambao haujaiva hubandika leo na kubanduka baadaye. Ukishapoa, uchuje tena.

Mimi huchemsha maji na karafuu chache kabla ya kutia unga, nikazitoa. Mafuta ya karafuu yanazuia ukungu, na kutia mafuta hayo kwenye gundi ya wanga ni desturi ya zamani ya wajalidi, mafundi wa kutia vitabu majalada. Pwani yetu, masika yakiingia, gundi ya unga isiyo na kinga huota ukungu ndani ya jalada. Ila karafuu huacha rangi ya kahawia hafifu, kwa hiyo kama kanga yako ina mji mweupe, pika uji mtupu, kidogo, wa kuisha siku hiyohiyo.

Mbali na uji, kuwa na gundi nyeupe ya mbao. Uji unakupa muda wa kusogeza kitambaa na hautoi harufu. Kasoro yake ni kwamba ukilowa unalainika. Gundi nyeupe inashika haraka, na ikikauka haijali maji machache. Kwa hiyo mimi hutumia uji kwenye karatasi na kitambaa kikubwa, na gundi nyeupe popote penye mkunjo.

Sasa karatasi za ndani, zile zinazounganisha jalada na daftari. Hapa napenda karatasi ya mfuko wa saruji. Tafuta mfuko wa karatasi, si wa nailoni iliyofumwa, uchane taratibu na uchukue tabaka lisilogusa saruji. Fanya kazi hiyo nje na ufunge pua, kwani vumbi la saruji linachoma. Ile kaki ni ngumu ajabu. Imetengenezwa kubeba kilo 50. Kata vipande viwili, kila kimoja kikubwa kama daftari likiwa wazi, ukunje katikati. Paka utepe mwembamba wa gundi nyeupe, kama milimita 5, kwenye ukingo wa mkunjo, ubandike kimoja juu ya ukurasa wa kwanza na kingine juu ya ukurasa wa mwisho, mkunjo ukilingana na mgongo. Kaki hugeuza rangi ya karatasi nyeupe inayolala juu yake muda mrefu, kwa hiyo usiache mchoro uguse hapo. Ukurasa wa kwanza uache mtupu.

Halafu mgongo. Kata kitambaa cha pamba kilichofumwa wazi: bendeji ya shashi, au shati jembamba lililochakaa. Kiwe kifupi kuliko urefu wa daftari kwa sentimita 1 juu na 1 chini, na upana wake uzidi mgongo kwa sentimita 3 kila upande. Kuna wanaotumia chandarua kilichotoboka kwa sababu kinafanana na shashi. Nakusihi usitumie. Nyuzi zake ni za plastiki, gundi hazinyonyi, na siku moja kitabanduka kizima. Paka mgongo gundi nyeupe, laza pamba, sugua kwa kidole mpaka gundi ipenye juu, acha yale mabawa mawili ya pembeni yaning'inie bila gundi. Hayo mabawa ndiyo yatakayobeba jalada lako.

Ujalidi si kazi ngeni kwetu. Siyu, kisiwani Pate, ilijulikana karne ya 18 na ya 19 kwa mafundi walionakili misahafu kwa mkono na kuijalidi kwa ngozi. Ngozi inavumilia kukunjwa miaka na miaka. Mimi sina ngozi, nina kanga, na kanga peke yake haitoshi: ni nyepesi, na gundi itapenya ikatokea upande wa juu na kuacha madoa. Ndiyo maana lazima ivalishwe karatasi mgongoni kwanza.

Fua kanga iondoke wanga na mafuta. Chagua sehemu. Pindo lina rangi nzito na huficha uchafu wa mikono, mji una picha kubwa, na jina la kanga likikaa sawasawa kwenye gamba la mbele linapendeza kuliko chapa yoyote ya dukani. Pima kwanza, maana jina refu litakatwa na mkunjo. Lowesha kipande, kamua, ukitandaze uso chini juu ya kioo au kigae safi, ukinyooshe kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni mpaka nyuzi zinyooke. Chukua ile karatasi laini inayofungwa viatu vipya ndani ya boksi, ipake uji mwepesi, uilaze juu ya kitambaa, usugue kwa brashi kavu upovu wa hewa utoke. Paka ukingo wote uji kidogo ushike kioo. Kikikauka kitakuwa kimekazwa kama ngoma. Kibandue kwa kisu. Sasa una kitambaa kinachokatika kwa mstari ulionyooka bila kufumuka, na kisichopitisha gundi.

Magamba hayataki boksi la mawimbi, lile la televisheni au biskuti. Likibonyea halirudi. Gamba la kaunta buku nene ni zuri, na ukibandika mawili pamoja kwa gundi nyeupe chini ya uzito unapata unene wa kama milimita 2, unaotosha kuchorea juu ya goti. Angalia mwelekeo wa nyuzi. Pinda gamba kidogo kwa urefu, kisha kwa upana, bila kulivunja: upande mmoja utakubali, mwingine utakataa. Mkunjo ule unaokubali ndio mwelekeo wa nyuzi, na lazima ulale sambamba na mgongo wa daftari. Karatasi ikipata unyevu hutanuka zaidi kukatisha nyuzi zake kuliko kufuata urefu wake, kwa hiyo nyuzi zikilala vibaya jalada litajipinda na kuvuta mkunjo kila hali ya hewa ikibadilika.

Vipimo nitakupa vya daftari la A5, sentimita 21 kwa 14.8, lenye unene wa sentimita 1.6, lako lipime mwenyewe. Kila gamba: urefu 21.6, upana 14.4. Kipande cha mgongo: urefu 21.6, upana 2, yaani unene wa daftari pamoja na magamba mawili. Hiki kikate kwenye gamba moja lisilobandikwa, kiwe chepesi. Kati ya mgongo na kila gamba acha milimita 7 tupu. Nafasi hiyo ndiyo mkunjo. Ukiipunguza, jalada halitafunguka hadi mwisho na litang'oa karatasi ya kwanza. Ukiizidisha, daftari litacheza ndani ya jalada. Kanga ikate 36.2 kwa 25.6, ambayo ni jumla ya vyote na sentimita 2 za kukunjia pande zote.

Chora mistari ya vipimo kwenye upande wa karatasi wa kitambaa. Paka gamba gundi nyeupe, si kitambaa, ulilaze kwenye mstari wake, ugeuze na kusugua. Vikishakaa vyote vitatu, kata pembe za kitambaa kwa mshazari, ukiacha milimita 3 kutoka ncha ya gamba. Ukikata karibu zaidi ncha itachungulia. Kunja juu na chini kwanza. Kisha kwa ukucha bonyeza ndani kile kisehemu kidogo cha kitambaa kilichobaki kwenye kila ncha, ndipo ukunje pande za kushoto na kulia. Kabla gundi haijakauka, pitisha mpini wa kijiko kwenye ile mifereji miwili, mbele na nyuma, mpaka kitambaa kishuke na kuonyesha bonde.

Liache jalada likauke chini ya uzito, kisha uliunganishe. Weka daftari ndani yake, milimita 3 za gamba zikitokeza juu, chini na mbele kwa usawa. Ingiza karatasi ya nailoni kati ya kurasa mbili za kaki ya mbele ili unyevu usifike kwenye michoro, na juu yake karatasi chakavu ya kupokea gundi inayozidi. Paka gundi nyeupe chini ya bawa la pamba na juu yake, paka uji kaki iliyobaki, na gundi nyeupe tena pale kwenye mkunjo. Toa ile karatasi chakavu, nailoni ibaki, funga jalada mara moja, bonyeza. Geuza, fanya upande wa pili. Tamaa ya kufungua uone imekaaje ni kubwa. Izuie, kwani kaki mbichi itajikunja. Laza sindano ya kufumia kwenye kila mfereji, weka ubao juu, na matofali mawili yaliyofungwa gazeti. Lala, amka, acha mpaka jioni.

Kwa wanaochorea penye maji, sugua nta ya nyuki kwenye pembe, kingo na mifereji, kisha upitishe pasi ya moto mdogo juu ya karatasi ili nta izame. Fanya hivi mwisho kabisa, kwa kuwa penye nta hapashiki gundi tena. Utepe wa tyubu ya baiskeli, uliooshwa kwa sabuni mpaka usiache weusi mkononi, unatosha kufungia daftari lisifunguke mfukoni.

Mara ya kwanza usilifungue katikati. Lisimamishe mgongo chini, lalisha gamba la mbele, la nyuma, kisha kurasa chache za mbele, chache za nyuma, mpaka ufike kati, ukibonyeza kidogo kila mara. Na ukiwa kazini usilikunje gamba likaenda kugusana na jenzake mgongoni. Beba kibao chepesi na vibanio viwili vya nguo. Daftari litalala wazi juu yake, na upepo wa bahari hautageuza ukurasa.