Mtoto wa moyo kwa nyumba ya watu wa maombi: venye sisi tulijipanga

Mimi ni fundi wa nguo hapa Umoja, Nairobi, na mama watoto ni mtu wa kanisa kabisa, wa kesha na mfungo na kila kitu. Mimi huenda Jumapili tu, na si zote. Binti yetu alizaliwa na tundu kwenye moyo, yaani ule ukuta wa katikati unaotenganisha vyumba viwili vya chini haukufungana, madaktari wanaita VSD. Sasa ana miaka saba na alishafanyiwa operesheni. Wazazi wengine wamekuwa wakiniuliza tulipitaje na pasta upande huu na daktari upande ule, ndio nimeamua niandike yote mara moja.

Kile nimeona ni hiki: maombi yanataka kupangwa kwa nyumba kama vile dawa inapangwa, juu yasipopangwa mzigo unaangukia mtoto, anakuwa kipimo cha imani yenu. Akikohoa tu watu wanaangaliana.

Anza na daftari, kanisa litangoja hadi jioni

Nunua daftari la shule. Siku ya kliniki daktari ana foleni hadi kwa ngazi na wewe umechanganyikiwa, kwa hivyo andika maswali matatu usiku wa kuamkia: huu ugonjwa unaitwaje (na mwambie akuchoree), utajifunga wenyewe ama unataka operesheni, na ni dalili gani zikitokea usiku nisingoje asubuhi. Wetu alituchorea nyuma ya fomu ya maabara na bado tunayo hiyo karatasi. Nilikuja kujua matundu mengine madogo hujifunga yenyewe mtoto akikua, yale makubwa yanapeleka damu nyingi sana kwa mapafu mtoto anahema na kutokwa jasho akinyonya na haongezi uzito, alafu kuna shida zingine kama Fallot ambapo damu haipati oksijeni ya kutosha na mtoto anageuka rangi ya bluu.

Mbona hii ni muhimu kwa maombi? Kwa sababu sisi tuliombewa valvu, ile milango midogo ya ndani ya moyo, miezi miwili, kwa kipaza sauti, na valvu za mtoto hazikuwa na shida yoyote. Mama watoto alikuwa amesikia vibaya kwa kliniki. Tunacheka sasa.

"Nani alikosea?"

Hili swali litakuja, na litaletwa na watu wenu wa karibu. Kwetu lililetwa na shangazi, akiwa amebeba ndizi na maziwa, akauliza polepole kama kuna kitu mama watoto alifanya akiwa mjamzito, ama kama kwa ukoo wetu kuna deni ya mtu. Usipige kelele. Mwambie karibu mtoto 1 kwa kila 100 huzaliwa na shida fulani ya moyo, na kwamba huo moyo hujengwa ndani ya wiki 8 za kwanza za mimba, wakati mama wengine hata hawajajua wana mimba. Mara nyingi hakuna daktari anaeza kukuambia sababu. Akiwa mtu wa Biblia mfungulie Yohana 9, pale wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu wanauliza ni nani alitenda dhambi, huyu ama wazazi wake, na Yesu anawaambia si huyu wala wazazi wake. Shangazi alisoma mara mbili, akasema haya basi niletee chai.

Mama watoto alilia usiku huo lakini. Kwa hivyo baba, hata kama umemjibu mgeni vizuri, rudi umwambie bibi yako tena kwa mdomo wako kwamba hakukosea. Nilidhani anajua.

Watu wape kitu kidogo cha kuombea

"Mwombeeni mtoto apone" ni ombi kubwa sana na halina mwisho, na asipopona mwezi huo watu wanaanza kutafuta makosa. Sisi tulibadilisha. Daktari alikuwa ametuambia anataka mtoto aongeze uzito kabla ya operesheni, basi tukaambia fellowship yetu waombee kilo. Kilo tu. Kila baada ya kliniki mama watoto anatuma kwa grupu: 6.1. Mwezi ule mwingine: 6.3. Siku moja ilirudi 6.2 na hakuna mtu alihubiri, wakauliza anakula nini, na mzee mmoja hapo akaleta omena ya kusaga ya kuchanganya na uji. Hapo ndio niliona faida ya kanisa kwa macho yangu.

Ombea kitanda kipatikane, kifua kisishike kabla ya tarehe, mkono wa daktari utulie. Hivo ni vitu mtu anaeza kufuata na akauliza vimefika wapi.

Dawa na sala kwa alamu moja

Mtoto akiwa mdogo dawa zingine ni vidonge vya watu wakubwa, unaambiwa uvunje, usage, uchanganye na maji kiasi fulani, alafu uvute kiasi fulani na sirinji ya mtoto. Kila asubuhi mama watoto alisaga kwa migongo ya vijiko viwili, anamwaga unga kwa kikombe cha plastiki cha kijani, anapima maji na sirinji kubwa, anakoroga hadi usione unga kwa kona, kisha anavuta na ile ndogo na kuiinua kwa dirisha aone kama kuna hewa. Sala ilikuwa hapo hapo akiinua sirinji. Maneno mawili matatu, alafu mdomoni kwa upande wa shavu, polepole, asitapike. Ikiwa sala yenu ya asubuhi ni ndefu basi dawa iende kwanza, dawa haingoji amina.

Kwa daftari tiki baada ya kila dozi. Ukisahau usimpe mbili kufidia, piga simu kliniki. Na zile chupa za miti shamba na mafuta ya kunywa watu wanaleta kwa upendo, pokea, sema asante, weka juu ya kabati, usimpe hadi daktari ajue ni nini, juu dawa za moyo hazipatani na vitu vingi.

Mtu akisema tupa dawa

Hapa nitakaa kidogo. Akiwa miezi minane kulikuja mhubiri mgeni, sitamtaja na kanisa sitalitaja. Alimbeba binti yetu akampandisha madhabahuni, akamwinua juu na kutangaza moyo umefungwa leo, watu wakaruka, mtoto akashtuka na zile spika akalia hadi midomo ikabadilika. Mama watoto akarudi nyumbani akiwa na furaha sijawahi kuona. Akaacha kumpa mtoto Lasix, ile dawa ya kutoa maji yanayozidi mwilini. Hakuniambia, na mimi niko kazini kutwa nzima, sikujua.

Siku ya tatu usiku nilisikia anavyohema. Nikavua shati yake nikahesabu pumzi na simu kwa dakika nzima, 68. Kwa mtoto wa kati ya miezi 2 na mwaka, akifika 50 tayari ni haraka sana. Jasho kichwani, na kwa mbavu ngozi inaingia ndani. Tulienda kwa teksi ya jirani na nikamwambia mama watoto aombe akiwa ndani ya gari, hakuna kusimama mlangoni.

Alilazwa siku tano. Sikumlaumu, ama niseme nilimlaumu siku mbili alafu nikaacha. Kutoka hapo tukaweka sheria ya nyumba na tukaenda kumwambia pasta wetu tukiwa wawili: kama Mungu amemponya, eko (ile picha ya moyo hospitalini) itaonyesha, na yule aliyeandika dawa ndiye atazifuta. Pasta wetu, kwa heshima yake, alikubali palepale. Akakumbusha habari ya mfalme Hezekia, aliomba akasikiwa, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwa jipu. Kama pasta wako hawezi kukubali sheria kama hiyo tafuta mwingine, Nairobi makanisa si haba.

Dalili za kutoka mbio, bandika nyuma ya mlango: anahema haraka au mbavu zinaingia, hawezi kunyonya juu ya kuchoka, amezimia, ama ulimi na ufizi vimekuwa bluu. Kwa ngozi yetu nyeusi angalia ulimi, usitegemee uso. Mtoto wa Fallot akigeuka bluu ghafla, mtulize na umkunje magoti yaguse kifua, na mwende hospitali hivyo hivyo.

Kesha, mfungo na chai ya shosho

Mtoto mchanga wa moyo usimpeleke kesha. Chumba kimefungwa, watu mia wanaimba na kukohoa, na nimonia kwake si mafua. Mmoja aende, mwingine abaki. Chanjo zote apate, ile ya nimonia hupeanwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mama anayenyonyesha asifunge, na majirani zetu Waislamu waliniambia hata kwao mgonjwa ameruhusiwa kutofunga Ramadhani, iko kwa Kurani wazi.

Kuna mfungo mmoja tu unaomhusu mtoto, ule wa kabla ya operesheni. Wodi watakupa masaa, kawaida uji na maziwa ya kopo masaa 6, ya mama 4, maji matupu 2. Mwambie kila mtu, na ueleze sababu: akitapika akiwa usingizini chakula kinaingia kwa mapafu. Sisi hatukumweleza shosho. Alitoka Murang'a na gari ya alfajiri, akamkuta mjukuu analia njaa, akasubiri nimeenda choo akampa vijiko viwili vya chai ya maziwa. Alikiri mwenyewe, nesi alipouliza. Operesheni ikasukumwa wiki mbili. Shosho hakula siku hiyo yote, nikamwambia cucu, sasa wewe ndio umefunga.

Pesa na damu

Hapa kwa haraka. Hakikisha mtoto ameandikishwa chini yenu kwa SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF tangu 1 Oktoba 2024, unaeza kuanzia *147#. Haitalipa yote. Chukua karatasi ya gharama hospitalini kabla ya kuita mchango, mweka hazina awe mtu mwingine si wewe, na pesa ikiwezekana iende moja kwa moja hospitali, utalala vizuri. Ulizia pia mfuko wa watoto wa moyo pale hospitali ya Mater, South B, ile Mater Heart Run watu hukimbia kila mwaka ndio huuchangia.

Na wale wanaume wa kanisa ambao hawajui waseme nini, waambie watoe damu. Awe na miaka 16 hadi 65, kilo 50 kwenda juu na afya. Kwetu walikuja kumi na mmoja, wanne wakarudishwa, mmoja akaanguka baada ya sindano na bado anataniwa.

Mtoto mwenyewe akianza kuuliza

Akiwa na miaka mitano, tukimwogesha, aligusa ile kovu ya kifuani akauliza kama Mungu alimtengeneza vibaya. Mama watoto aliniangalia mimi. Nilimwambia sijui kwa nini tundu lilikuwepo, lakini unaona vile baba hukata kitambaa na kuna mahali panahitaji kushonwa mara ya pili, nguo si mbaya. Akauliza, ulikuwa uzi wa rangi gani? Hilo ndilo alitaka kujua.

Usimwambie Mungu amemchagua ateseke. Usimwambie amepona juu aliomba vizuri, maana siku atahisi vibaya atafikiri ameomba vibaya. Na kaka yake pia umuulize anaomba nini. Wetu alikuwa anaomba arudi kulala karibu na mama, na alikuwa amefanya hivyo karibu mwaka mzima.

Desemba iliyopita kanisa liliomba binti yetu asimame atoe ushuhuda. Tulimuuliza yeye mwenyewe. Akasema hapana, yeye anataka kuwa kondoo kwa igizo la Krismasi. Nikamshonea manyoya na blanketi kuukuu, na siku ya siku alilala chini ya meza kutoka mwanzo hadi mwisho, malaika wakaja wakaenda, na mwalimu alipomuuliza mbona hukuamka akasema kondoo usiku hulala.